Ukungu wa Sly Stone

Ukiisikiliza albamu ya There's a Riot Goin' On kwa mara ya kwanza, unaweza kudhani spika zako zimeingia vumbi. Matoazi hayang'ari. Sauti ya Sly Stone mara inanong'ona, mara inazama chini ya gita. Hili ni kundi lilelile la Sly and the Family Stone lililowarusha watu kwenye tamasha la Woodstock usiku wa manane, Agosti 1969. Novemba 1971 likaja na kitu kingine kabisa.

Ukungu huo wa sauti umefanywa kwa mkono. Sehemu kubwa ya muziki Sly aliipiga mwenyewe, chombo baada ya chombo, akifuta na kurekodi upya juu ya tepu ileile. Tepu ikipitishwa mara nyingi kwenye vichwa vya mashine hulika, na sauti nyembamba za juu ndizo hutangulia kutoweka. Hubaki besi, pumzi na mivumo ya katikati, vikiwa vimegandamana.

Greg Errico, mpiga ngoma wao, alikuwa ameondoka. Sly akaweka Maestro Rhythm King, mashine ndogo ya midundo iliyotengenezwa kumsindikiza mpiga kinanda. Haichoki wala haipandi mzuka. Fundi mwingine angeificha. Sly aliiweka mbele, kisha akawaacha binadamu wachelewe kidogo nyuma yake. Sikiliza Family Affair: kinanda cha umeme cha Billy Preston kinadondoka pembeni ya mdundo, Rose Stone anaingia na kiitikio bila haraka, na Sly anaimba kwa sauti nzito ya mtu aliyekesha. Wote wanachelewa kwa kiasi cha unywele, na wimbo hauanguki. Kuhesabu mdundo sawasawa ni kazi ya mashine. Kuchelewa namna hiyo, kwa kipimo, ni ufundi wa miaka.

Wahakiki waligawanyika. Waliotaka furaha ya albamu yao ya awali, Stand!, walisikia uchovu tu, nao uchovu kweli umo. Wanunuzi hawakusita: albamu na kibao chake cha Family Affair vyote vilishika namba moja Marekani. Mhakiki Greil Marcus aliichambua albamu hiyo kwa kina katika kitabu chake Mystery Train, mwaka 1975. Wanamuziki walikuwa wameshamtangulia. Miles Davis aliingia studio kurekodi On the Corner mwaka 1972 akiwa na midundo ya Sly kichwani, na mwaka uliofuata Herbie Hancock akauita wimbo mmoja wa albamu yake ya Head Hunters kwa jina la mtu huyo: Sly.