Jamani, Hii Rangi Haionekani!

Niseme lipi kwanza? Kwamba vinyweleo vyangu bado vinaonekana na hata hivyo uso umetulia? Kwamba baka langu la shavuni, nililozaliwa nalo, lipo pale pale na wala silionei haya? Ngojeni, nitaje jina kabla sijapaliwa: Eaze Drop Blurring Skin Tint, ya Fenty Beauty, kampuni ya Rihanna. Nimeipaka kwa vidole, bila brashi, bila sifongo, na nimeshindwa kunyamaza.

Wajuzi wa vipodozi mtaniambia imekuwako tangu 2021. Najua! Kwangu ni mpya, niacheni nifurahi.

Kwanza muelewe si kitu gani. Si ile faundesheni ya maharusini, inayouzika uso mzima halafu mpambaji anaanza kuuchora upya, nyusi, pua, mashavu, mpaka bwana harusi anabaki kukisia. Hii ni rangi nyepesi, majimaji, inakaa kwenye kitubu cha kubinya chenye mililita 32. Unabinya tone, tone tu, nyuma ya kiganja. Unalipasha kwa kidole. Kisha unaanza katikati ya uso, pembeni mwa pua na chini ya macho ambako ndiko kwenye kazi, unasambaza kuelekea masikioni, na ukifika kwenye taya rangi imekwisha yenyewe. Hakuna mstari! Ule mstari wa shingoni unaotenganisha uso na mwenye uso, haupo. Niligeuza shingo huku na huku dirishani nikiutafuta.

Na pale ambapo ngozi imechafuka kidogo, unarudia safu ya pili, ukigonga kwa ncha ya kidole bila kusugua. Hilo la kugonga lishikeni. Ukisugua unaivuta rangi uliyoiweka sekunde chache zilizopita, ukigonga inakaa. Mimi niligonga kwenye kidevu, penye alama za chunusi za zamani, zikafifia. Hazikufutika, na sikutaka zifutike. Siri ya huo ulaini unaouona kwenye kioo ni silikoni, ambayo inatandaza uso wa ngozi na kujaza vishimo vidogo, hivyo mwanga ukigonga pale unatawanyika badala ya kuonyesha kila bonde. Jicho linadhani ngozi imelala vizuri.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nipige ukelele chumbani peke yangu: majivu. Mwanamke wa maji ya kunde, na zaidi yake mweusi tii, anajua ninachosema. Unanunua faundesheni, dukani inaonekana yako kabisa, unaipaka, unatoka nje, na jua linakuonyesha uso wa mtu aliyetoka kupepeta unga. Si macho yako yanayokudanganya, ni kemia. Rangi za faundesheni zinatoka hasa kwenye oksidi za chuma, jamii moja na kutu, ziko nyekundu, za manjano na nyeusi, zikichanganywa na unga mweupe wa titani. Ule weupe ukizidi kwenye ngozi nyeusi unaleta kijivu. Na mtengenezaji mvivu akitaka rangi ya kina anaongeza nyeusi tu, basi uso unafifia kana kwamba damu imehama. Balanda Atis, mkemia wa L'Oréal mwenye asili ya Haiti, alisifika kwa kutumia rangi ya buluu ya ultramarini ili kuzipa faundesheni za weusi kina bila kuzifanya tope. Buluu! Nani angedhani uso wangu wa kunde unadaiwa buluu?

Hii niliyoipaka haikuleta majivu. Nilitoka nje nayo makusudi, juani, saa sita, nikaishika shingo yangu karibu na taya kwenye kioo cha mkononi. Wekundu ule ule, unjano ule ule.

Na hapa lazima nimtaje mwanamitindo Iman, maana bila yeye hadithi haijakamilika, na hadithi yenyewe inapitia kwetu. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, msichana wa Kisomali, mpiga picha Peter Beard alipomwona mjini humo mwaka 1975. Amesimulia mara nyingi kwamba alipofika New York kupigwa picha za Vogue, mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, kwa sababu pale haikuwepo ya rangi yake. Akaanza kujichanganyia. Mwaka 1994 akafungua kampuni yake ya vipodozi. Kwa hiyo Rihanna alipokuja na Fenty Beauty tarehe 8 Septemba 2017, na rangi 40 za faundesheni kwa mpigo, njia ilikuwa imeshafyekwa na wanawake wengine. Lakini arobaini siku ya kwanza! Baadaye zikafika 50, na jarida la Time likaitia kampuni hiyo kwenye orodha yake ya uvumbuzi bora wa mwaka 2017. Wenye makampuni waliozoea kututengea rangi mbili za mwisho wa rafu wakaanza kuhesabu upya.

Eaze Drop yenyewe ina rangi 25, zinaitwa kwa namba, 1 kwa ngozi nyeupe kabisa mpaka 25 kwa nyeusi kabisa. Usishtuke kwamba zimepungua. Kwa kuwa ni nyepesi, ngozi yako inapenya kati yake, namba moja inawatosha watu kadhaa waliokaribiana. Afrika, Fenty ilifika rasmi tarehe 27 Mei 2022, nchi nane, Kenya ikiwamo. Tanzania haikuwamo, na mashoga zangu wa Dar hawajaacha kulikumbusha hilo kila nikiwatumia picha. Poleni. Tumeni nauli.

Basi nikaipeleka Likoni. Huwezi kusifia kipodozi Mombasa ukiwa umekaa chini ya feni. Kisifie baada ya kuvuka feri saa saba mchana, joto la kaskazi, chombo kimejaa pomoni, mtu wa mkokoteni anapiga kelele ya njia na jasho linatafuta njia ya kutokea kwenye kila nywele. Nilijifunga mtandio mweupe, kusudi kabisa, ule ambao ukiugusa kwa rangi unakushtaki. Nilivuka, nikafanya shughuli zangu, nikavuka kurudi. Nyumbani nikaufungua na kuukagua pale unapobana kidevu. Safi! Kwenye leso niliyojifutia paji la uso kulikuwa na kivuli kidogo cha rangi, lakini jasho lile lingebandua hata rangi ya ukuta.

Jioni nikampitia shangazi yangu, ambaye kwake mekapu yote ni uongo. Huyu ni mtu wa msio na liwa, wa singo ya maharusi, asumini na mlangilangi vikitwangwa tangu asubuhi, na anaamini ngozi inatunzwa, haipakwi. Nilimwamkia, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Marahaba mwanangu. Umerudi kwenye liwa?"

"Hapana, shangazi. Nimepaka rangi."

"Rangi gani? Mbona siioni?"

Akalowesha kidole, akanisugua shavuni, akakitazama. Kilikuwa na kahawia kidogo. Hakusema kitu, ila kabla sijaondoka aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama ipo ya rangi yake.

Vingine vya Fenty nilivyojaribu nitavipita haraka. Blasha ya krimu, Cheeks Out, inapakwa kwa vidole vile vile juu ya rangi hii na wala haiisumbui. Chukua nyekundu ya kukolea, usiogope inavyotisha kwenye kikopo, maana waridi hafifu hazina kazi kwenye ngozi zetu. Glosi ya mdomo, Gloss Bomb, inang'aa bila kunata sana na ina harufu ya matunda na vanila inayokufanya ujilambe. Poda ukipenda, kidogo, puani tu. Ukijimwagia poda uso mzima umerudi kule tulikokimbia.

Lakini kwanza, mnaotaka kufunika kila kitu, hii si yenu. Ukiwa na harusi ya kamera tatu na taa za ukumbini, chukua Pro Filt'r, faundesheni yao, au mwachie mpambaji wako. Pili, Eaze Drop haina kinga ya jua, kwa hiyo losheni ya jua inatangulia, unaiacha ikauke vizuri, ndipo rangi. Msinieleze habari ya kwamba weusi wetu unatosha: madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi yanakolea juani, na ndiyo yanayotupeleka kwenye mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwenye vipodozi na bado vinauzwa chini ya meza. Mimi nalipia kwa furaha kitu kinachoiacha rangi yangu ilivyo, na ndiyo, bei yake inauma. Itaenea miezi, kwa jinsi tone linavyotosha, hiyo ndiyo hesabu niliyomfanyia mume wangu.

Tena chungeni bandia. Ukiiona kwenye meza ya barabarani kwa bei ya soda mbili, hiyo haijamwona Rihanna hata kwenye runinga, na hujui ndani mna nini.

Mkienda kuijaribu, msipake nyuma ya mkono, mkono na uso havina rangi moja. Pakeni mistari miwili ya namba zinazopakana, kuanzia shavu hadi shingoni, kisha tokeni nje ya duka, taa za madukani zinasema uongo. Zungukeni kidogo, nunueni maji, ipeni rangi dakika ishirini ikauke na kutulia, maana nyingine hukolea ikishakutana na mafuta ya ngozi. Mstari utakaokuwa umepotea, hiyo ndiyo namba yako. Ya shangazi naitafuta Jumamosi.