Mvutano katika Picha Dhahania: Pembe ya Kutazamia na Ukataji wa Kingo

Kamera, tofauti na brashi ya mchoraji, haina uwezo wa kubuni mstari usiokuwako. Kila kilichomo katika picha kilikuwako mbele ya lenzi, na kwa sababu hiyo wako wahakiki wanaoshikilia kwamba picha dhahania ni jambo lisilowezekana: itakuwaje chombo cha kunakili kiache kunakili? Swali hili haliwahusu wapiga picha peke yao. Anayehakiki fasihi hukutana nalo kila mara, maana maneno nayo hayawezi kujitenga kabisa na vitu yanavyovitaja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nguvu ya picha dhahania haitokani na kukifuta kitu, bali na mvutano baina ya kitu na umbo lake. Na kwamba mvutano huo hujengwa kwa maamuzi mawili, yaani mpiga picha amesimama wapi, na amekata wapi.

Mfano wa awali unaofaa ni wa Paul Strand, Mmarekani aliyekuwa na umri wa miaka 25 alipopiga picha kadhaa huko Twin Lakes, jimbo la Connecticut, katika kiangazi cha 1916. Alikuwa amekwisha kuziona kazi za Picasso na Braque katika chumba cha maonyesho cha Alfred Stieglitz mjini New York. Hakwenda mbali kutafuta vitu vya kupiga. Alichukua mabakuli ya jikoni na meza ya barazani. Katika picha ya baraza, meza ya duara imelazwa ubavu, kivuli cha ukingo wa baraza kimeipitia kwa milia ya kiza na mwanga, kisha picha yenyewe ikageuzwa upande. Mtazamaji huona kwanza tao na milia. Sakafu haijulikani iko wapi, na tao lile zito linaning'inia pasipo kushikwa na kitu. Ndipo jina linapomjia: meza. Walakini, akisha kulijua jina, picha haiishi. Jicho hurudi kwenye milia, akili hurudi kwenye meza, wala hakuna upande unaoushinda mwingine. Lau Strand angalirudi nyuma hatua chache, tungalipata baraza lenye jua, na mvutano ungalikwisha. Lau angalisogea mbele hata meza isitambulike kamwe, ungalikwisha vilevile, maana lingalibaki pambo la milia tu, kama kitambaa cha dukani. Hapa ndipo walipopotea wengi waliofuata njia hiyo: walidhani kwamba kadiri kitu kinavyofichika, ndivyo picha inavyozidi kuwa dhahania, na ndivyo inavyozidi kuwa bora.

Mwaka 1917, nchini Urusi, Viktor Shklovsky alichapisha insha yake mashuhuri ambamo alidai kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kilichozoeleka kiwe kigeni, ili kionekane upya badala ya kutambuliwa tu. Hoja hiyo ilikuwa ya fasihi, lakini aliyeitia katika kamera ni Alexander Rodchenko, ambaye aliandika katika majarida yaleyale ya Lef alimoandika Shklovsky. Mwaka 1925 Rodchenko alipiga picha za jumba la mtaa wa Myasnitskaya, Moscow, alimokaa mwenyewe. Alisimama chini kabisa ya ukuta, akaielekeza kamera juu. Roshani zinapandana kama meno ya msumeno, ukuta unakimbia mshazari, na mtazamaji, ingawa ajua kwamba jumba halianguki, shingo yake humwambia vingine. Baadaye Rodchenko aliwakejeli wapiga picha walioutazama ulimwengu wote kutoka usawa wa kitovu. Kejeli hiyo ina hoja ndani yake: pembe tuliyoizoea hatuioni kuwa ni pembe, twaidhania kuwa ni kitu chenyewe.

Ukataji wa kingo una kazi tofauti kidogo. Pembe ya kutazamia huamuliwa kamera ikiwa mkononi. Kingo zaweza kuamuliwa upya katika chumba cha giza, hata baada ya siku nyingi. Ushahidi ulio wazi, japokuwa si wa picha dhahania kamili, ni ule wa Arnold Newman, aliyempiga picha mtunzi wa muziki Igor Stravinsky mwaka 1946. Newman alikata sehemu kubwa ya filamu, akambakiza Stravinsky katika pembe ya chini, na kifuniko cheusi cha piano kikatawala picha nzima kama alama ya muziki iliyoandikwa ukutani. Mtu ni mdogo, umbo ni kubwa, na uzito wa picha wataka kupinduka. Jarida lililomwagiza kazi hiyo liliikataa.

Rodchenko alikutana na makubwa kuliko kukataliwa. Mwaka 1928 alishutumiwa katika jarida la Sovetskoe Foto kwa kuwaiga wapiga picha wa Magharibi, na miaka michache baadaye lawama ikawa ya umbo kupita kiasi. Msomaji wa Kiswahili ataukumbuka mgogoro ulioandamana na *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974, ambapo waliotetea vina na mizani waliona uhuru wa umbo kuwa ni ugeni ulioletwa kutoka nje. Mashitaka yanafanana kwa sehemu moja tu. Hapa mtuhumiwa aliambiwa ameliacha umbo. Kule aliambiwa amelipenda mno. Pande zote mbili zililichukulia umbo kuwa ni vazi linalovaliwa au kuvuliwa.

Hata hivyo, haifai kumtetea Rodchenko bila mpaka. Mwaka 1933 alitumwa kupiga picha za ujenzi wa mfereji wa kuunganisha Bahari Nyeupe na Baltiki, kazi iliyofanywa na wafungwa zaidi ya 100,000, ambao maelfu kati yao walikufa. Picha hizo zilijaza toleo la Desemba la jarida la serikali. Katika mojawapo, bendi inapiga muziki huku wafungwa wakifanya kazi chini yake. Mishazari ni ileile ya Myasnitskaya, na ustadi ni uleule, pengine umezidi. Lakini tofauti iko kwenye kingo. Katika picha ya 1925, roshani iliyokatwa humlazimisha mtazamaji aulize juu yake pana nini; ukingo unakiri kwamba umekata. Katika picha ya mfereji kila mstari unarejea ndani, kana kwamba nje ya fremu hapakuwa na baridi, njaa wala makaburi. Mvutano upo baina ya mstari na mstari. Baina ya picha na kilichoachwa nje haupo. Waliomshitaki kwa kupenda umbo walikuwa na haki ya kuuliza swali hili, na hawakuliuliza. Anayezionyesha picha hizo leo hulazimika kuiandika chini yake idadi ya wafungwa, kwa kuwa ndani ya fremu hakuna kinachoidokeza.