Ukumbusho wa Mbaraka Mwinshehe Usikilizwapo Kisiba

Diwani ya mashairi ichapishwapo baada ya mshairi kufariki, msomaji hutazamia kupata mambo mawili: mashairi yenyewe, na maelezo ya mhariri juu ya lini na kwa sababu gani kila shairi lilitungwa. Mashairi yasiyo na maelezo husomeka, lakini husomeka nusu. Santuri ikusanyayo nyimbo mashuhuri za mwanamuziki aliyekwisha kufa ni diwani ya namna hiyo, nayo yastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Miongoni mwa mikusanyo ya aina hii iliyojulikana sana katika Afrika ya Mashariki ni ule wa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, uliotolewa na tawi la PolyGram la Nairobi katika miaka ya 1980, juzuu baada ya juzuu, kwa jina la Ukumbusho.

Mahali pafaapo kuupimia mkusanyo huo si Morogoro wala Nairobi. Ni mahali kama Kisiba katika wilaya ya Rungwe, penye migomba, mvua nyingi, na ziwa lililotuama katika shimo la mlima wa moto wa kale. Msikilizaji wa Morogoro asipoelewa jambo aweza kumwuliza mzee aliyecheza dansi mbele ya bendi yenyewe. Wa Nairobi aweza kuzitafuta sahani za kwanza kwa wauzaji wa vitu vya zamani. Kisiba ni mbali na huko kote. Kinyakyusa ndiyo lugha ya nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya shule, soko na redio. Nyimbo hizi zilifika huko kwa redio, kisha kwa kanda za kaseti, nyingi zikiwa zimenakiliwa kutoka kanda nyingine, na jina la wimbo limeandikwa kwa kalamu ya wino. Msikilizaji wa huko hana ila mkusanyo. Asichokipata humo hana pa kukipata.

Yafaa kwanza historia ya mkusanyo ielezwe. Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, akajiunga na Morogoro Jazz Band katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 aliondoka akaunda Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Katika muda wote huo Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri kilichofanya kazi. Bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam ili zisikike hewani, lakini sahani za kuuzwa zilitoka Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, usifunguliwe hadi mwaka 1983. Kwa hiyo mwimbaji huyu alifia upande wa pili wa mpaka uliofungwa, na sauti yake nayo ilikuwa imehifadhiwa huko huko. Si ajabu, basi, kwamba kumbukumbu yake ilitengenezwa Nairobi.

Sifa za kazi hiyo ni kubwa, na mhakiki mwadilifu hana budi kuzitaja kabla ya kasoro. Sahani ndogo huchakaa upesi kwa sindano, vumbi na mikono mingi. Kama nyimbo hizo zisingalikusanywa, nyingi zingalibaki majina tu. Zaidi ya hayo, sahani ndogo ilikuwa na desturi ya kuukata wimbo mrefu vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, yaani sehemu ya kasi ambamo magitaa na tarumbeta hutawala. Mchezaji dansi hakuujua mkato huo ukumbini. Santuri ndefu ina nafasi ya kuvirudisha vipande hivyo mahali pamoja, na hapo ndipo wimbo wa dansi huonekana umbo lake kamili: neno hutangulia kwa utulivu, kisha mwili hulijibu.

Lakini jina la mkusanyo ndilo linaloleta swali. Kiswahili hutofautisha kumbukumbu na ukumbusho. Kumbukumbu ni kile akikumbukacho mtu mwenyewe. Ukumbusho hutoka katika kukumbusha, kitendo ambacho lazima kiwe na mtu wa pili. Akumbushaye anajua jambo ambalo mwenzake amelisahau au hakulijua kamwe. Mkusanyo uliojiita Ukumbusho umejitwika, kwa jina lake, kazi ya mtu ajuaye. Je, umeitimiza?

Kwa upande wa sauti, umeitimiza. Kwa upande wa wakati, sivyo. Nambari za juzuu ni nambari za kutolewa kwake, wala si daraja za maisha ya mtunzi. Nyimbo za Mbaraka, hata hivyo, zimefungamana na tarehe. Wimbo wa Expo 70 ni habari ya safari moja ya mwaka mmoja. Wimbo wa maombolezo ya Dkt. Kleruu wahusu mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa huko Ismani tarehe 25 Desemba 1971, katika siku za mabishano makali juu ya ardhi na vijiji vya ujamaa. Mtu atokaye Kisiba kwenda Morogoro kwa barabara hupita Iringa. Msiba huo haukuwa wa nchi ya mbali kwake. Hata hivyo kijana wa Kisiba asikilizaye leo, asiyeambiwa mwaka wala kisa, husikia huzuni nzuri tu juu ya mtu asiyemjua. Wimbo uliokuwa ushahidi wa taifa umegeuka pambo.

Kasoro ya pili ni ya ushirika. Mkusanyo ulitoka kwa jina la mtu mmoja, nao umezichanganya kazi za bendi mbili. Ni kweli kwamba Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo. Lakini muziki wa dansi si shairi la mtu aliyejifungia chumbani. Gitaa la solo husema kwa kuwa la ridhimu limelitandikia njia, na besi huyashika yote mawili yasipotee. Morogoro Jazz ilikuwapo kabla ya yeye kujiunga nayo. Jina moja likikuzwa, wenzake waliopuliza, waliopiga na walioitikia hugeuka kivuli chake.

Yaweza kujibiwa kwamba mnunuzi wa santuri ataka kucheza, hataki kusoma. Hoja hiyo ina uzito, lakini mikusanyo iliyofuata imeipunguza nguvu. Kampuni ya Kijerumani iitwayo Dizim ilizitoa baadhi ya nyimbo za Mbaraka katika sidii yenye jina la Masimango. Mfululizo wa Zanzibara, ulioanza kutolewa Paris mwaka 2005, uliambatanishwa na vijitabu vielezavyo nyakati, bendi na watu, wala watu hawakuacha kucheza kwa sababu hiyo. Kilichobaki kuwa kigumu ni lugha. Vijitabu hivyo viliandikwa kwa lugha za wanunuzi wa Ulaya. Nyimbo za Kiswahili zikapata maelezo, na mwenye Kiswahili asiyejua lugha hizo akabaki mlangoni.

Linalotakiwa si jambo kubwa. Kila wimbo wahitaji ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha: mwaka uliorekodiwa, bendi iliyoupiga, majina ya wapigaji, na kisa kilichouzaa. Wahariri wa tenzi wamezifanyia kazi hiyo hati za kale zilizoandikwa na watu waliokufa karne nyingi zilizopita, wala hawakuwa na wa kumwuliza. Nyimbo za dansi bado zina mashahidi, nao hupungua kila mwaka. Ukurasa wa Dkt. Kleruu ukifika Kisiba, kijana asikilizaye maombolezo hayo atajua ni nani aliyekuwa akililiwa, na kwa nini. Hapo ndipo mkusanyo utakapolistahili jina lake.