Kasiksi haina kibandiko

Kuna watu wanasema pombe ni pombe tu. Mimi nakataa. Anayesema vile hajaonja, ao ameonja akiwa na kiu tu. Hapa Nakivale, wilaya ya Isingiro, tunakaa karibu na migomba ya Uganda, na kila kabila limekuja na chombo chake. Sisi wa Kivu tuna kasiksi, Warundi wana urwarwa na impeke, wenyeji wana tonto. Dukani kuna chupa za kiwanda. Zote zinastahili kuhukumiwa, lakini kila moja kwa sheria yake.

Nianze na kasiksi. Ndizi mbichi zinafukiwa shimoni, zinafunikwa majani ya mgomba, zinapata joto ya moto siku kadhaa mpaka ziive. Zinamenywa, zinakandwa na nyasi mpaka maji yatoke. Maji yanachujwa, unga wa mtama uliokaangwa unaongezwa, bido inafunikwa. Siku ya kwanza ni tamu kama juisi. Siku ya pili utamu unapungua, ukali unaingia, na moshi wa shimoni bado unausikia puani. Hapo ndipo pa kunywa. Ikipita siku nyingi ni siki, na mama muuzaji mwenye haya anakuambia mwenyewe: "Papa, hii iko ya zamani."

Ubora wa kasiksi uko kwenye ule mtama. Ukikaangwa vizuri unaleta uchungu kidogo, utamu wa ndizi hauchoshi. Siku hizi wauzaji wengi wanaruka hatua: sukari, hamira ya mkate, usiku mmoja basi. Inalewesha, ndiyo, lakini mdomoni haiachi kitu. Sababu naielewa. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulioonekana Uganda mwaka 2001 uliipiga sana kayinja, ndizi ya juisi, maana wadudu wanaubeba kutoka ua hadi ua. Ndizi zikipungua bei inapanda. Lakini mnywaji hanywi sababu, anakunywa kilichomo kikombeni.

Impeke ni habari nyingine. Mtama unaloweshwa, unaota, unakaushwa, unasagwa, unapikwa, ndipo unachacha. Ni nzito, ina uchachu, na makapi yanaelea juu. Mgeni akiimimina kwenye glasi anasema ni uji ulioharibika. Amekosea chombo. Impeke inanyweka kwa mrija, watu wamezunguka chungu kimoja. Mrija unapita chini ya makapi na kufika penye kinywaji chenyewe.

Sasa chupa. Eagle ilianza kutengenezwa na Nile Breweries mwaka 2002 kwa mtama wa Uganda unaoitwa Epuripur. Kwa hiyo ni ndugu wa impeke, ila amevaa suti. Ni safi, nyepesi, mtama unausikia kwa mbali. Sifa yake kubwa ni kwamba ya leo na ya mwezi ujao ni ileile. Mtu aliyehamahama anajua thamani ya kitu kisichobadilika. Na Primus, ile ya wazee wetu? Nadhani wanasifia meza kuliko bia. Chupa ya sentilita 72 ni ya kugawana, kama vile mirija ya impeke.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina neno. Kwenye michoro ya mafunzo mnaweka kasiksi na waragi ya kienyeji pamoja, kama kitu kimoja. Moja imechacha tu. Nyingine imechemshwa na mvuke wake kukusanywa, na hakuna aliyepima nguvu yake. Kasiksi ikifukuzwa, mama anaificha. Kinachofichwa hakipewi siku mbili za kuiva, ndiyo hapo sukari na hamira zinaingia. Na bido ya lita 20 haifichiki. Kachupa ka waragi kanafichika. Mnafukuza pombe nyepesi, na kali inabaki.

Kwetu wakaaji pia kuna neno. Tusijifiche nyuma ya "mila yetu". Mgao wa nyumbani ukigeuka pombe, hata iwe tamu namna gani, bado tunaulizwa watoto wamekula nini. Na baba anayekunywa pesa ya daftari hawezi kuniambia habari za ladha.

Kasiksi haina kibandiko, basi kibandiko ni ulimi wako na maswali yako. Kabla ya kulipa uliza matatu: ndizi gani, unga umekaangwa ao hapana, na ni ya siku ngapi. Mama anayejibu yote matatu bila kutazama pembeni, mlipe bei anayotaja, wala usimwombe apunguze.