Njoroge na Amana ya Wazee

Tumezoea kusikia darasani kwamba Njoroge, mhusika mkuu wa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo Weep Not, Child (1964), ni kijana dhaifu: kaka yake Boro anaingia msituni kupigana, yeye anakumbatia vitabu. Hukumu hiyo twaiona kuwa ya haraka, maana haiulizi ni nani aliyemkabidhi vitabu hivyo, na kwa matarajio gani.

Njoroge haendi shule kwa ajili ya nafsi yake. Baba yake, Ngotho, ni kibarua wa Bwana Howlands katika ardhi iliyokuwa ya wazee wake mwenyewe, naye anatumaini kwamba elimu ya mwanawe itairudisha. Kamau anashika useremala ili mdogo wake asome. Njoroge anapofaulu kwenda sekondari ya Siriana, wanakijiji wanachanga fedha za karo. Basi ndoto zake za kuwaokoa watu wake, ambazo huwachekesha wanafunzi wetu (na sisi pia zilituchekesha zamani), ni amana aliyowekewa na wakubwa kabla hajaota ndevu.

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 1952, na ndani ya riwaya haichukui muda kufika shuleni. Barua ya vitisho inaitaka shule ifungwe. Kisha mwalimu Isaka, mtu wa dini, anauawa na askari wa serikali. Hata hivyo Njoroge anaendelea kuamini kwamba Siriana ni ngome. Ndipo maofisa wanapomfuata huko huko, wanamtoa masomoni, na kumpeleka katika kituo cha walinzi wa serikali ahojiwe kwa mateso juu ya kifo cha Jacobo. Ngũgĩ anaisimulia safari hiyo kwa maneno machache makavu, na ndiyo maana inauma.

Kasoro tunayoiona ni kwamba Siriana yenyewe inapitwa mbio. Hatuoni bweni, wala hatusikii somo hata moja likifundishwa kwa ukamilifu. Kwa hiyo hatujui barabara Njoroge ananyang'anywa nini. Mwandishi aliyajua mambo hayo vema. Alisoma Alliance tangu 1955 hadi 1958, na aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Aliyaeleza hayo katika kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 2012, na mwalimu angefanya vema kuzisoma sambamba na riwaya.

Kuna na Mwihaki. Yeye ni binti wa huyo Jacobo aliyeuawa, na umri wake ni ule ule wa Njoroge. Kijana anapomsihi watorokee Uganda, anakataa, kwa kuwa mama yake amebaki naye na nchi inawadai wote wawili. Maswali ya mitihani tuliyowahi kuyaona humtaja kama mpenzi wa Njoroge tu.