Jitu na Jisu Lake: Uhakiki wa Kanuni za Silaha Kubwa Kupita Kiasi katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

0. Utangulizi

Fasihi ya kishujaa, iwe ya mdomo au ya maandishi, hupenda kumpa shujaa wake silaha ambayo mtu mwingine hawezi hata kuiinua. Uzito wa silaha hiyo ni ushahidi wa ushujaa wenyewe, na hadhira haiulizi kilo zake. Hata hivyo, ipo aina moja ya usimulizi ambayo inalazimika kuuliza, nayo ni mchezo wa masimulizi wa mezani. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akisema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake; msimamizi huieleza dunia ya hadithi na kuwasemea maadui; na linapozuka jambo lisilo na hakika, dadu hurushwa. Kitabu cha kanuni ndicho hueleza maana ya namba iliyotokea.

Makala haya yanazichunguza kanuni hizo kama matini, yaani kama maneno yanayojenga dunia na kumweka kila mhusika mahali pake. Mchezo unaochunguzwa ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Maswali ni mawili. Kanuni inaposema kwamba silaha ni kubwa mno, ni kubwa kwa nani? Na jibu la swali hilo linamfaidi shujaa wa namna gani?

1. Kutoka dadu moja hadi vipimo vya mwili

Katika kanuni za 1974 swali lenyewe halikuwapo. Silaha zote zilitoa jeraha la dadu moja ya nyuso 6: aliyechomwa kisu na aliyekatwa shoka walihesabiwa sawa. Nyongeza iitwayo Greyhawk, ya mwaka 1975, ndiyo iliyoipa kila silaha jeraha lake. Katika kitabu cha wachezaji cha 1978, upanga mrefu ulijeruhi kuanzia 1 hadi 8 dhidi ya adui mwenye kimo cha binadamu, na kuanzia 1 hadi 12 dhidi ya adui mkubwa zaidi. Upanga wa mikono miwili ulitoa 1 hadi 10 kwa wa kwanza, na 3 hadi 18 kwa wa pili. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba ukubwa uliohesabiwa hapo ulikuwa wa yule anayepigwa.

Toleo la pili, la 1989, liligeuza macho kwa anayeshika. Silaha ilipewa daraja la ukubwa kama kiumbe. Mhusika aliweza kushika kwa mkono mmoja silaha ya daraja lake au ndogo kuliko hilo, na kwa mikono miwili silaha iliyomzidi daraja moja. Iliyozidi hapo haikumfaa. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilihifadhi msingi huo: upanga mfupi ni mdogo, upanga mrefu ni wa wastani, upanga wa mikono miwili ni mkubwa. Kwa hiyo upanga mrefu mmoja ulishikwa na binadamu kwa mkono mmoja, na kibeti wa daraja dogo kwa mikono miwili, na zimwi la daraja kubwa kama silaha nyepesi.

2. «Kubwa» ni kubwa kwa nani?

Mwanaisimu atatambua haraka kasoro iliyojificha humo. Kivumishi «-kubwa» hakina kipimo cha peke yake. Daima kinategemea kitu cha kulinganishwa nacho. Panya mkubwa ni mdogo kuliko tembo mdogo. Kiswahili kinalionyesha jambo hilo hata katika viambishi vya ngeli: mtu akikuzwa huwa jitu, kisu kikikuzwa huwa jisu. Lakini msemaji anayesema «jisu» amesimama upande wa watu. Jitu lenyewe, likiketi kwake na kumenya muhogo, limeshika kisu tu. Vivyo hivyo kiambishi ka- cha udogo, kinachotumika sana katika Kiswahili cha Kongo, hakisemi urefu wa kitu; kinasema namna msemaji anavyokitazama.

Marekebisho ya mwaka 2003, yanayojulikana kama toleo la 3.5, yalijengwa juu ya utambuzi huo, ingawa watungaji wake hawakuusema kwa lugha ya kiisimu. Tangu hapo silaha ilielezwa kwa mambo mawili yaliyotenganishwa: jinsi inavyoshikwa (nyepesi, ya mkono mmoja, ya mikono miwili), na kimo cha kiumbe ambaye ilifuliwa kwa ajili yake. Upanga mrefu wa kibeti, wa binadamu na wa zimwi ni panga tatu, zenye jina moja na umbo moja, kila mmoja wa mkono mmoja kwa mwenyewe. Anayeokota silaha ya mwingine hupunguziwa 2 katika kurusha dadu kwa kila daraja la tofauti, na namna ya kuishika hupanda au kushuka ngazi moja. Upanga mrefu wa zimwi huwa wa mikono miwili kwa binadamu. Upanga wa mikono miwili wa zimwi haushikiki kabisa. Kwa maneno mengine, kisu cha jitu ni kisu mikononi mwa jitu, na ni jisu mikononi mwa mtu. Mchezo wa Pathfinder, uliotolewa mwaka 2009, uliirithi kanuni hiyo.

Kama matini, hii ndiyo kanuni bora kuliko zote zinazojadiliwa hapa. Inakubali kwamba mpini hufuata kiganja, na kwamba kila chombo kina kumbukumbu ya aliyetengenezewa. Malalamiko kwamba orodha za silaha zimekuwa ndefu mno yana haki yake mezani, lakini hayaondoi usahihi wa wazo.

3. Ahadi na hesabu

Udhaifu wa toleo la 3.5 hauko katika maana bali katika malipo. Vijana waliokuja mezani miaka ile walikuwa wamekwisha kuona picha za mashujaa wenye panga kubwa kuliko wao: Guts wa katuni ya Berserk, iliyoanzishwa na Kentaro Miura mwaka 1989, na Cloud wa mchezo wa video Final Fantasy VII, wa mwaka 1997. Kitabu cha Complete Warrior, cha 2003, kiliwajibu kwa kipaji kiitwacho Monkey Grip. Mwenye kipaji hicho hushika silaha iliyomzidi daraja moja bila kubadili namna ya kuishika, lakini bado hupunguziwa 2.

Inafaa kupiga hesabu. Upanga wa mikono miwili wa binadamu hujeruhi kwa dadu 2 za nyuso 6, yaani wastani wa 7. Ule wa zimwi hujeruhi kwa dadu 3, yaani wastani wa 10.5. Tuseme adui hupatikana kwa namba 11 au zaidi katika dadu ya nyuso 20: uwezekano ni asilimia 50, na kwa jisu ni asilimia 40. Shujaa mwenye nguvu 18 huongeza 6 kwa kila jeraha la mikono miwili. Silaha ya kawaida itampa wastani wa 6.5 kwa kila pigo analojaribu. Jisu litampa 6.6. Tofauti ni sehemu moja ya kumi. Nguvu zake zikifika 24, nyongeza ni 10. Akikutana na adui wa kiwango chake kipya, ambaye naye hupatikana kwa 11, silaha ya kawaida itampa 8.5 na jisu 8.2. Kwa shujaa asiye na nyongeza yoyote, mbele ya adui kama huyo, hesabu ni 3.5 kwa 4.2.

Matokeo ni kinyume cha hadithi. Masimulizi husema kwamba silaha kubwa humfaa mwenye nguvu na humwelemea mnyonge. Hesabu inasema kwamba humfaa mnyonge kidogo, na mwenye nguvu humpunguzia. Kanuni imetoa ruhusa ya picha, kisha ikanyang'anya maana yake.

Wapo watakaojibu kwamba kanuni ilitaka kulinda ukweli wa vita. Jibu hilo halitoshi. Katika jumba la makumbusho la Leeuwarden, Uholanzi, umehifadhiwa upanga ambao mapokeo yanasema ulikuwa wa Pier Gerlofs Donia, mpiganaji aliyefariki mwaka 1520. Urefu wake unazidi mita 2, na uzito wake ni takriban kilo 6.6. Upanga wa zimwi katika toleo la 3.5 una ratili 16, sawa na kilo 7.3 hivi. Kitabu kinachoruhusu mtu kutema moto kwa uchawi hakina sababu ya kuogopa kilo moja isiyotimia.

4. Kutoka mwili hadi nguvu

Toleo la tano, la 2014, lilirahisisha. Kiumbe mdogo anayetumia silaha nzito hurusha dadu mbili na kuchukua namba iliyo ndogo. Silaha za maadui wakubwa huongezewa dadu mara mbili, tatu au nne kulingana na kimo chao, na mtu anayeshika silaha ya aliyemzidi naye hurusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Kwa adui wa namba 11, uwezekano huanguka kutoka asilimia 50 hadi 25. Adhabu hiyo ni kali, lakini angalau haijifanyi zawadi.

Badiliko zito zaidi ni la kitabu cha wachezaji cha 2024. Kimo cha mhusika kimeondolewa katika kanuni ya silaha nzito. Kinachoulizwa sasa, kwa silaha ya kupigania karibu, ni kama nguvu zake zinafika 13. Kibeti aliyefika 13 hana kasoro. Binadamu mrefu asiyefika anayo. Mwili wa kuzaliwa nao umeacha kuwa hukumu. Hasara ni kwamba kanuni ya silaha nzito inaanza tena kusema «nzito» bila kutaja nzito kwa nani.

5. Mizani ya tendi zetu

Msomaji wa Kongo ana mizani nyingine ya kupimia. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, shujaa ni mdogo wa mwili, aliyetembea mara tu alipozaliwa, na silaha yake kuu ni konga, usinga wa kupungia inzi. Kwa usinga huo hushinda na kufufua. Upande wa pwani, Fumo Liyongo ni pandikizi la mtu ambalo mkoba wake hubeba mpaka kinu na mchi. Lakini kinachomwua ni sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe. Hakuna kanuni yoyote kati ya zilizotajwa ambayo ingeweza kuyaeleza matukio hayo. Karibu zote zinadhani kwamba jeraha hukua pamoja na chuma. Tendi zetu husema kwamba silaha hupata ukubwa wake kwa mwenyewe, na kwa nani anayepigwa na nani.

6. Hitimisho

Toleo la 2003 lilijua kwamba ukubwa ni uhusiano, likakosea katika malipo. La 2024 limemwondolea mdogo hukumu ya kimo, likasahau uhusiano. Kanuni kamilifu ingeunganisha mema ya yote mawili, na kumwongezea shujaa faida kadiri nguvu zake zinavyokua. Jambo hilo si dogo kwa wanafunzi wa fasihi. Siku tendi za Kongo zitakapotiwa katika michezo ya namna hii, atakayeandika kanuni ndiye atakayeamua kama Mwindo ataingia vitani akiwa shujaa au akiwa mtoto aliyepunguziwa 2. Kazi hiyo yafaa ifanywe na watu wanaojua tofauti ya kisu na jisu.