Kusawazisha Nini? Maoni Juu ya Lugha ya Kijitabu cha Trela la Kambi

Miongoni mwa maandishi yaliyofika mezani kwetu mwaka huu kimo kijitabu chembamba kihusucho matumizi ya trela dogo la kulala kambini. Ni trela la ekseli moja, la aina ambayo wageni huikodi mjini Arusha, wakaivuta kwa gari hadi mbugani, wakalala humo badala ya kulala hemani. Kijitabu hicho kilifasiriwa kutoka Kiingereza kwa amri ya kampuni ya safari ambayo hatuna haja ya kuitaja. Aliyekileta kwetu si kampuni, bali ni kijana mmoja, msaidizi wa kambi, aliyekuwa ametakiwa kulipa katika mshahara wake gharama za kunyoosha fremu ya trela iliyopinda. Hoja ya mwajiri wake ilikuwa fupi: maelezo yote yameandikwa kwa Kiswahili, na kijana anajua kusoma. Hoja ya kijana nayo ilikuwa fupi: alifanya kama ilivyoandikwa.

Sisi si mahakama ya kazi, na kupatanisha mwajiri na mwajiriwa si wajibu wetu. Lakini swali la kwamba kijana alifanya au hakufanya kama ilivyoandikwa ni swali la lugha, nalo twaweza kulijibu. Tumeusoma ukurasa wa 7 wa kijitabu hicho mara nyingi kuliko unavyostahili, na tuonavyo sisi, kijana alifanya hasa kama ilivyoandikwa. Makala hii yaeleza kwa nini.

Yafaa kwanza msomaji aijue kazi yenyewe. Trela likifika kambini, ni nadra kukuta ardhi iliyo tambarare. Aliyewahi kulala katika kambi ya Simba, ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro, anajua jinsi majani mazuri ya pale yalivyolala juu ya mteremko. Trela lililoinama halilaliki vizuri: damu humshukia mtu kichwani, mlango hujifungua wenyewe, na mafuta ya kukaangia hukimbilia upande mmoja wa kikaango. Tena kuna jokofu. Majokofu mengi ya matrela huendeshwa kwa gesi, kwa njia iliyobuniwa mwaka 1922 na vijana wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters. Jokofu la namna hiyo halina pampu. Kimiminiko cha ndani hurudi mahali pake kwa kuteremka tu, kama maji ya mvua yateremkavyo bombani. Likiinama kupita kiasi, kimiminiko hutuama pasipotakiwa, moto huendelea kuchemsha bomba lisilo na kitu, na jokofu huweza kufa. Kwa hiyo kulikalisha trela sawa si anasa ya wageni.

Kazi hiyo ina hatua tatu, na kila hatua ina kifaa chake. Kwanza hutazamwa kama trela limelala upande, kushoto au kulia. Likiwa limelala, gurudumu la upande wa chini hupandishwa juu ya ubao au kipande cha plastiki chenye mteremko, nalo trela lingali limefungwa kwenye gari, kwa sababu ni gari ndilo litakalolisukuma au kulivuta lipande. Ikiwa umbali kati ya magurudumu mawili ni sentimita 170, basi mwinamo wa digrii moja hurekebishwa kwa ubao wa unene wa sentimita 3. Kisha magurudumu huzuiwa, mbele na nyuma, yasibiringike, na hapo tu ndipo gari hufunguliwa. Pili, mkono wa trela huinuliwa au kuteremshwa kwa kuzungusha kigurudumu kidogo cha mbele, mpaka mbele na nyuma viwe sawa. Hatua hii haiharibu ya kwanza, kwa kuwa trela lazunguka juu ya ekseli yake tu, kama bembea ya watoto ya ubao. Tatu, miguu minne ya pembeni huteremshwa igusie ardhi, ili trela lisitikisike watu wanapotembea ndani. Miguu hiyo haiinui kitu. Imefanywa kuzuia mtikisiko, si kubeba uzito wa trela. Na mtu akiizungusha kwa nguvu ili ainue pembe iliyo chini, kinachopinda ni fremu.

Sasa tuitazame tafsiri. Katika ukurasa mmoja, kitenzi “sawazisha” kimetumika mara kumi na moja. Msomaji huambiwa asawazishe mahali, asawazishe trela, asawazishe mbele, kisha asawazishe kwa “jeki za kusawazishia” zilizo pembeni. Mahali ni ardhi, nayo husawazishwa kwa jembe na sepetu. Trela upande kwa upande husawazishwa kwa ubao, na mbele kwa kigurudumu. Jeki za pembeni hazisawazishi chochote. Mambo manne yametiwa katika gunia moja, na la nne si la jamii hiyo hata kidogo. Kijana alipoona trela limelala kushoto, alitafuta kifaa kilichoitwa cha kusawazishia, akakizungusha mpaka kikagoma, kisha akaongeza nguvu. Tungekuwa sisi tungefanya hivyo hivyo.

Neno “jeki” ndilo lililoikamilisha ajali. Hakuna fundi wa magari katika nchi hii asiyejua kwamba jeki ni kitu cha kuinulia. Mafundi hao hao wana neno lingine, “stendi”, kwa kitu ambacho gari huwekewa baada ya jeki kwisha kuinua: stendi hushikilia, haiinui. Tofauti iliyohitajiwa na mfasiri ilikuwa ikitamkwa kila siku katika gereji zote za Arusha, hatua chache kutoka mahali kijitabu kilipopigwa chapa. Najua wenzetu wengine hawapendi “stendi”, ama kwa kuwa ni la kukopa, ama kwa kuwa limekwisha chukuliwa na kituo cha mabasi. Hofu hiyo ya pili ni ndogo. Mtu aliyepiga magoti chini ya trela hatadhani ameambiwa ateremshe kituo cha mabasi. Lakini kama tunataka neno letu wenyewe, lipo nalo: mguu. Kitanda kina miguu, kigoda kina miguu, na hakuna aliyewahi kuinua kitanda kwa kukivuta mguu urefuke.

Kosa lingine ni la neno “kabari”. Kijitabu hukiita kabari kile kipande ambacho gurudumu hupanda, na ukurasa huo huo hukiita kabari kile kinachozuia gurudumu lisibiringike. Kwa umbo, mfasiri hakukosa: vyote viwili ni vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Kwa kazi, vinapingana, maana kimoja husaidia gurudumu kwenda na kingine hulikataza. Sentensi isemayo “hakikisha kabari zipo kabla ya kufungua gari” humwachia msomaji aamue mwenyewe ni kabari zipi, na akikosea juu ya mteremko wa Ngorongoro, trela litaondoka bila dereva. Utingo wa malori hawana shida hii. Wao husema “tia jiwe”, hata kinachotiwa kikiwa ni gogo au chuma, na hakuna anayeuliza jiwe la nini.

Kuhusu kifaa cha kupimia, ambacho kijitabu kinakiita “kiwango cha kiputo”, sina mengi ya kusema. Kiwango ni cha mishahara na cha elimu. Waashi wetu wana pima maji kwa jambo la kulala na timazi kwa jambo la kusimama, na maneno hayo yamejenga nyumba nyingi. Kwamba ndani ya kichupa cha pima maji mara nyingi mna spiriti wala si maji, ni jambo lisilomsumbua mwashi yeyote. Jina limekwisha kaa. Pia “gurudumu la mpanda farasi”, ambalo ndilo kile kigurudumu kidogo cha mbele, tuliache lipite. Mfasiri alilikuta neno la Kiingereza limebeba mpanda farasi mgongoni, naye akamshusha akiwa mzima.

Katika kikao chetu, mwenzetu mmoja alitoa pingamizi nzito. Alisema kwamba istilahi ni mfumo: dhana moja, neno moja; na kwamba Kiingereza kina neno moja kwa kazi hii yote, kwa hiyo nasi hatuna budi kuwa na moja, ama sivyo tutaonekana hatuna uwezo wa kutaja dhana ya jumla. Naiheshimu hoja hii, maana ndiyo iliyoongoza kazi ya kusanifu istilahi tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na bila hiyo kila wizara ingekuwa na Kiswahili chake. Ila hapa imewekwa mahali pasipo pake. Neno moja la Kiingereza si ushahidi kwamba kuna dhana moja. Mwingereza anaposema neno hilo hilo kwa ubao, kwa kigurudumu na kwa jembe, mazingira ndiyo yanayomtafsiria. Amekwisha yaona matrela tangu utotoni, na baba yake alimwonyesha. Msomaji wetu hana baba aliyemwonyesha. Ana ukurasa wa 7 peke yake, na kitenzi ndani ya ukurasa huo sharti kimwambie mkono wake ufanye nini.

Isitoshe, Kiswahili si mgeni wa jambo hili. Mabaharia wa pwani hawakuwahi kuchanganya chombo kilicholala upande na chombo kilichoinamisha omo au tezi, kwa sababu dawa ya moja si dawa ya lingine: huku watu na shehena husogezwa ubavuni, kule husogezwa mbele au nyuma. Nilishawishika kwa siku mbili kupendekeza trela nalo liwe na omo na tezi. Niliacha. Msomaji wa kijitabu hiki ni mtu wa bara, na kumpa maneno ya jahazi juu ya mlima wa mita 2,300 ni kumfasiria kutoka Kiingereza kwenda lugha nyingine asiyoijua. Kilichonifaa kwa mabaharia ni ule utaratibu wao wa kutenga miinamo miwili. Maneno yao nimewaachia bahari.

Tulipoandika upya ukurasa huo, “kusawazisha” tulikuachia ardhi pekee. Kwa hatua ya kwanza tukaandika: ikiwa trela limelala upande, pandisha gurudumu la upande wa chini juu ya kipandio, gari likiwa bado limefungwa, kisha tia vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili, ndipo ufungue gari. Kwa hatua ya pili: weka pima maji sakafuni, kwa urefu wa trela, uinue au uteremshe mkono wa trela mpaka kiputo kikae katikati. Kwa ya tatu: teremsha miguu minne mpaka iguse ardhi, kisha acha, miguu haiinui trela. Kwa hali ya mwisho, ambayo mwenzetu aliitakia neno la jumla, tukaandika tu kwamba trela “limekaa sawa”, kama watu wasemavyo.

Barua yenye maelezo ya istilahi, pamoja na ukurasa mpya, tulimpa kijana ampelekee mwajiri wake. Kabla hajaondoka nilimwomba ausome ukurasa huo kwa sauti, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu na mimi ni mtu wa mezani. Alisoma vizuri mpaka kwenye kipandio, neno nililokuwa nikijivunia kidogo, kwa kuwa limenyambuliwa kwa kanuni na linasema kazi yake lenyewe. Hapo alisimama.

“Kaka,” aliniuliza, “kipandio si kile cha mlangoni, cha wageni kuingilia?”

Nilitazama picha iliyo kwenye jalada. Chini ya mlango wa trela kimo kidaraja cha chuma cha kukanyagia, na kwa hakika jina lake ni kipandio. Kama angelitii neno langu, angekwenda kukifungua kidaraja hicho na kukilaza chini ya gurudumu. Tukafuta, tukaandika “ubao wa gurudumu”, hata kama siku hizi ubao huo ni wa plastiki, naye akasoma tena mpaka mwisho bila kusimama.